Mashine Iliyopelekwa Malishoni Sotik

Rebeccah hanunui kabeji bila kuipindua aone kitako chake. Akiambiwa leo haitanyesha, anaanua nguo. Hapa Litein tunamwita Mama Kimutai, kwa jina la mwanawe wa pekee ambaye ni dereva wa lori huko Nakuru, na watu hupenda kusema kwamba hawezi kudanganywa. Si kweli. Amedanganywa kama sisi sote. Tofauti ni kwamba yeye huwa ameshaona dalili.

Tabia hiyo aliitoa kwenye chai. Kwa miaka mingi alichuna majani katika shamba moja kubwa upande wa Kericho, akiishi kwenye nyumba za wafanyakazi ambazo wenyewe huziita laini. Jioni, gunia lake lilipotundikwa kwenye mizani, wenzake waliangalia mshale. Yeye aliinama akaangalia chini ya gunia.

"Unatafuta nini huko?" karani alimuuliza siku moja.

"Goti lako."

Wachunaji waliokuwa kwenye foleni walicheka mpaka wengine wakakaa chini, kwa sababu karani yule alikuwa kweli na mazoea ya kuliinua gunia kidogo kwa goti ili lionekane jepesi. Tangu siku hiyo alisimama mbali na mizani kila zamu ya Rebeccah ilipofika.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Nyabate, mwanamke kutoka Kisii aliyechuna mstari wa kando yake. Waliazimana chumvi na sweta, na mmoja akiugua mwingine alimpelekea uji. Siku mashine za kuchuna chai zilipoletwa shambani, meneja aliwakusanya akawaambia zimekuja kuwasaidia. Rebeccah alimnong'oneza Nyabate, "Msaidizi asiyekula, asiyetaka nyumba na asiyeugua. Huyu hakuja kunisaidia mimi." Kabla mwaka haujaisha wote wawili walikuwa nje ya lango, vitanda vyao vimefungwa juu ya pikapu moja.

Nyabate aliteremkia Sotik akafungua saluni. Rebeccah alikuja Litein, akakaa siku kadhaa kwenye veranda ya duka la vitabu la mama yangu, akiangalia barabara tu. Mama alidhani anaomboleza. Kumbe alikuwa anahesabu mvua. Aliona kwamba mchana, ikishaanza kunyesha, na hasa ikija ile ya mawe, vijana wa bodaboda hukimbilia chini ya mapaa na kusimama hapo kama kuku, hawana la kufanya wala pa kukaa. Akapanga chumba cha mabati mlango wa pili kutoka kwetu. Akaenda Kericho mjini akanunua mashine mbili za gemu, zile watu wanazoziita PS, zilizokwisha kutumika. Alimfanya fundi azifungue zote mbili mbele yake aone kama ndani zina kitu.

"Unajua unachokitafuta, mama?" fundi alimuuliza.

"Sijui. Lakini wewe unajua, na mimi naangalia uso wako."

Alipofika nyumbani alizipindua, akazitia alama chini kwa rangi nyekundu ya kucha, mstari mmoja mfupi, na kila padi ya kuchezea akaitia mstari kama huo. Baba yake alikata masikio ya ng'ombe wake kwa namna hiyo hiyo, ili wakichanganyika na wa watu wengine wajulikane.

Biashara ikashika. Alikuwa na birika la chai ya maziwa, mandazi ndani ya ndoo yenye kifuniko, na vijana wakubwa wenye makoti ya mvua wakipigiana kelele za mabao. Wanafunzi wenye sare hakuwaruhusu. Alisema mtu mwenye sare ana mahali anapotakiwa kuwa.

Kisha Zack, mwenye chumba cha gemu ng'ambo ya barabara, akanunua Pro.

Siku hiyo Rebeccah aliona bodaboda zikiegeshwa upande wa pili, moja baada ya nyingine. Akamwita Kipyegon, mwendesha bodaboda aliyekuwa mteja wake wa tangu mwanzo, ambaye alikuwa anavuka barabara huku anaangalia viatu vyake.

"Kipyegon. Huko kuna nini?"

"Aki Mama, ni Pro."

"Pro ndiyo nini? Ni ile inayofuata hii yangu?"

"Hapana. Inayofuata ni ingine. Hii ni hiyo hiyo yako, lakini imeongezwa nguvu. Nyasi za uwanja unaziona moja moja."

"Gemu ni tofauti?"

"Ni zile zile. Hata diski ni zile zile."

"Kwa hivyo Zack amenunua kitu alichokuwa nacho."

"Mama, wacha basi. Ukiona hizo nyasi hutasema hivyo."

"Mimi nimeona nyasi," Rebeccah alisema. "Nimezikatia ng'ombe."

Lakini wateja hawakurudi. Siku za mvua walikuja wale waliokosa nafasi kwa Zack, na siku za jua hakuja mtu. Rebeccah alianza kurudi nyumbani na mandazi yaliyobaki. Kodi ya chumba haikungoja mvua. Kama chumba kingefungwa, kilichobaki kwake kilikuwa kurudi kuchuna majani ya watu wengine kwenye vishamba vyao, kwa siku wanazotaka wao, na magoti yake yalikuwa yamekwisha kumwambia hayawezi.

Ndipo akaja Joab. Alikuwa kijana msafi, amevaa fulana ya samawati yenye picha ya wingu kifuani, wakala wa kampuni fulani ya Nairobi ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia. Alisimama mlangoni akitabasamu kabla hajaona mtu wa kumtabasamia.

"Mama, habari ya biashara?"

"Biashara ni yangu. Sema habari yako wewe."

"Mimi nimekuletea mwisho wa matatizo."

Rebeccah akavuta stuli akakaa. Mtu wa mwisho aliyemletea mwisho wa matatizo alikuja na mashine ya kuchuna chai.

Joab alitoa mfukoni kijiti cheusi, si kirefu kuliko kidole, akakichomeka nyuma ya runinga. Akabonyezabonyeza simu. Mara uwanja wa mpira ukafunguka, nyasi moja moja, na vijana wawili waliokuwa wamekaa na chai wakasimama.

"Mashine iko wapi?" mmoja akauliza.

"Hakuna mashine," Joab alisema. "Ndiyo habari yenyewe."

"Na gemu iko wapi?" Rebeccah aliuliza.

"Kwenye wingu, mama. Kuna kompyuta kubwa sana mahali, ndizo zinacheza. Hapa kwako inaletwa picha tu, kwa intaneti."

"Mahali wapi?"

"Mbali. Huko ng'ambo."

"Umeziona?"

"Mimi? Hapana, lakini ziko."

Kipyegon, aliyekuwa amechungulia kuona kelele ni za nini, akasema, "Mama, mwambie mawingu ya Litein yana mawe ndani." Wakacheka, na Joab akacheka nao, kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Sikia, mama," aliendelea. "Huyo wa hapo ng'ambo amenunua Pro. Itatoka ingine, atanunua tena. Ukifuata mashine utazifuata mpaka uzeeke. Wingu linajiboresha lenyewe. Wewe unakaa tu, unalipia kila mwezi kama stima. Na kijiti unapewa bure. Sisi tunachukua tu hizi mashine zako za zamani, kama dhamana."

"Hizi?"

"Hizi. Si zimepitwa na wakati?"

"Kitu kilichopitwa na wakati mnakitakia nini?"

Joab akacheka tena. Akapangusa simu yake kwa pindo la fulana. "Ni utaratibu wa kampuni, mama."

Alisema atarudi Ijumaa kuchukua jibu. Rebeccah alimsindikiza kwa macho kutoka mlangoni. Kijana alivuka barabara moja kwa moja, bila kuuliza mtu, akaingia kwa Zack, na Zack akamvutia kiti.

"Wanajuana," Rebeccah alimwambia mama yangu kupitia dirisha la duka letu. "Umeona alivyomvutia kiti? Zack ndiye amemtuma achukue mashine zangu. Nikishabaki na kijiti, watakizima."

"Sasa si ukatae?" mama alisema.

Rebeccah aliangalia chumba chake, viti vyake vitupu, ndoo ya mandazi. "Nikikataa nafunga. Nikikubali, labda nafunga pia." Akamgeukia mama tena. "Baba hakuwahi kuweka ng'ombe wote katika boma moja."

Desturi hiyo Wakipsigis wanaiita kimanagan. Unampa rafiki wa mbali ng'ombe amtunze. Maziwa ni yake, ng'ombe anabaki wako. Ugonjwa ukiingia bomani kwako, au wezi, au jicho la jirani, hautakumaliza, kwa sababu mali yako nyingine inakula nyasi mahali ambapo balaa hiyo haiijui njia.

Kabla ya Ijumaa, mashine moja ilikuwa Sotik. Rebeccah aliifunga ndani ya leso pamoja na padi mbili na diski moja ya mpira, akaiweka kwenye mfuko wa sukari, akaipeleka mwenyewe hadi saluni ya Nyabate. Alingoja mpaka rafiki yake alipomaliza kichwa alichokuwa anasuka. Kisha akaiweka juu ya meza na kusema maneno aliyomsikia baba yake akiyasema.

"Nakuletea ng'ombe. Maziwa ni yako. Ng'ombe ni wangu."

"Obe!" Nyabate akapiga makofi. "Sasa wateja wangu watakuja na waume zao. Asante, dada. Nitamchunga."

Rebeccah aliondoka ametulia. Hakusema zaidi, kwa sababu kwao hayo mengine hayasemwi, kama vile mtu haambiwi kwamba mlango hufungwa. Hakusema kwamba ng'ombe wa kimanagan habadilishwi bila mwenyewe kujua. Hakusema kwamba akifa, mtunzaji humletea mwenyewe ngozi, ili ijulikane amekufa kweli na hakuuzwa. Walikuwa wamekaa laini moja miaka mingi, naye akasahau kwamba katika miaka hiyo walizungumza juu ya chai, watoto na kanisa. Ng'ombe hawakuwahi kuwataja. Kule laini hakuna aliyekuwa na ng'ombe.

Ijumaa Joab alikuta mashine moja.

"Si zilikuwa mbili, mama?"

"Ya pili haiko hapa," Rebeccah alisema, akiangalia dari.

Kijana alifikiri, akaangalia saa yake, akaichukua hiyo moja. Hakuuliza habari za diski, na Rebeccah si mtu wa kumkumbusha mwenzake alichosahau. Alizitia kwenye mkebe wa biskuti akauweka chini ya kitanda. Jioni hiyo hiyo tulimwona Joab akitoka kwa Zack na boksi kubwa kwapani. Zack naye alikuwa ametoa Pro yake.

"Anajifanya," Rebeccah alisema. "Hilo boksi ni tupu."

Nisiwe mwongo, wingu lilifanya kazi vizuri. Vijana walirudi. Gemu zilikuwa nyingi kuliko walizoweza kuzitaja, na hakukuwa na diski ya kupangusa wala feni ya kupiga kelele. Ikinyesha mawe, sauti ya mabati ilizidi sauti ya uwanja, na picha ilikatikakatika kama mtu anayepepesa macho, lakini walizoea. Hata Kipyegon alikiri hizo nyasi zilikuwa zile zile. Rebeccah peke yake hakuzoea. Asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, aliwasha runinga kuona kama bado kuna kitu.

Na kila Jumapili baada ya ibada alimpigia Nyabate.

"Ng'ombe wangu?"

"Anakula."

"Nitumie picha."

Picha ilikuja. Ilionyesha meza ya saluni, kioo, na mashine imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua pembeni, kama vile tunavyofunika redio na viti vya wageni. Jumapili ya pili, kitambaa. Jumapili ya tatu, kitambaa.

"Nyabate, mbona umemfunika?"

"Vumbi, dada. Na moshi wa pasi za nywele."

"Funua nione."

"Kuna mteja, nitafunua baadaye."

Baadaye haikufika. Rebeccah alikuja dukani kwetu na simu, akanipa niikuze ile picha. Nikaikuza. "Angalia hapa," alisema, akigusa kioo kwa kucha. "Ng'ombe wangu alikuwa mwembamba. Huyu chini ya kitambaa amenenepa." Mimi sikuona tofauti. Nilimwambia labda ni kitambaa kimekunjwa. Aliniangalia kama vile alivyomwangalia yule karani wa mizani.

Miezi ikapita hivyo, jicho lake moja kwa Zack, moja kwa wingu, na kama angekuwa na la tatu lingekuwa Sotik. Kisha wingu lenyewe likaanza kubadilika. Gemu moja ilitoweka kwenye orodha, na wiki iliyofuata nyingine. Vijana walianza kuambiwa na runinga wasubiri zamu. Rebeccah alimpigia Joab, naye akasema ni marekebisho. Akampigia tena, Joab akasema ni marekebisho ya marekebisho. Mara ya tatu simu haikupokelewa.

Ilikuwa Jumanne mchana, mawe yanapiga mabati, chumba kimejaa makoti yanayodondosha maji, wakati uwanja ulipogeuka mweusi. Yakatokea maandishi meupe. Kipyegon ndiye aliyeyasoma kwa sauti: "Huduma hii imesitishwa. Asanteni kwa kucheza nasi."

"Imesitishwa mpaka lini?" mtu akauliza.

"Haijasema."

Walikuwa bado wanayakodolea macho Zack alipoingia, amefunika kichwa kwa beseni, mawe yakidunda juu yake. Hakusalimu. Alienda moja kwa moja kwenye runinga ya Rebeccah, akasoma, akarudi nyuma.

"Kumbe hata wewe!"

"Hata mimi nini?" Rebeccah alisema. "Wewe ndiye umezima."

"Mimi? Mama Kimutai, mimi nilijua ni wewe uliyemtuma Joab kwangu! Alitoka hapa kwako anacheka. Nikasema, huyu mama ananinyang'anya Pro yangu kwa akili."

"Ulimvutia kiti."

"Si alikuwa mgeni! Wewe hukumpa kiti?"

Vijana walicheka, lakini Zack hakucheka. Alikaa kwenye benchi na beseni magotini. Alisema amepiga simu ya Joab tangu asubuhi kuhusu gemu zinazotoweka, na sasa hata ile sauti ya mwanamke wa mtandao haipatikani. "Nilitoa Pro yangu nzima," alisema. "Nikapewa kijiti. Wewe ulitoa zote?"

Rebeccah alijishughulisha na birika. "Chukua chai, Zack," alisema.

Siku ya pili asubuhi alikwenda Sotik. Hakupiga simu, kwa sababu mtu akijua unakuja hufagia.

Saluni ilikuwa na wanawake wawili, mmoja chini ya kofia ya kukausha nywele, mwingine nusu ya kichwa kimesukwa. Nyabate alimwona kwenye kioo kabla ya kugeuka, na Rebeccah aliona uso wake ukibadilika ndani ya kioo hicho. Alitembea mpaka kwenye meza, akashika pembe ya kitambaa, akakivuta.

Ilikuwa mashine nyeusi, nene, yenye matabaka matatu kama mkate uliowekwa juu ya mkate. Aliipindua. Chini hakukuwa na alama.

"Nyabate. Huyu si ng'ombe wangu."

"Dada, kaa kwanza."

"Nimekaa vya kutosha. Ng'ombe wangu yuko wapi?"

"Ni huyo huyo. Amekua tu."

Mwanamke wa chini ya kofia akaizima kofia yake ili asikie vizuri.

Nyabate akaacha kitana. Alieleza kwa haraka, akishika mikono yake mwenyewe. Nywele, alisema. Nywele za watu na zile za kubandika, za rangi zote, zilivutwa na feni ya mashine siku baada ya siku mpaka ikajaa. Ikawa inanguruma kama ndege, kisha ikazima. Fundi wa hapo Sotik alipoifungua alitoa tonge la nywele kama kiota. Akasema haiponi, lakini vipande vyake vinamfaa, na kwamba ana Pro ya mtu, anaweza kumpa akiongeza kidogo. "Nikaongeza. Jasho langu, dada. Nywele nilizosuka mimi."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Wewe usiyeamini hata jua likiwaka? Ungesema nimemuuza."

"Umemuuza."

"Nimembadilisha!"

"Kwetu ng'ombe wa mtu habadilishwi. Akifa, unaniletea ngozi."

"Ngozi?" Nyabate akamwangalia, kisha akamwangalia mteja wake kana kwamba atasaidiwa. "Ngozi ya mashine?"

"Kitu. Kitu cha kuonyesha kwamba alikufa mikononi mwako na hukumla."

"Sasa hayo uliniambia lini? Uliniambia maziwa ni yangu, ng'ombe ni wako. Basi. Mimi nilichunga nikijua hivyo!"

Rebeccah alitafuta siku ambayo alikuwa amemweleza, akaikosa.

Nyabate aliingia nyuma ya pazia. Zilisikika droo zikivutwa na kusukumwa. Alirudi na padi mbili za zamani, waya zimezungushwa vizuri, akaziweka juu ya kitambaa. "Fundi alizitaka hizi pia. Nilimkatalia. Niliziona zina alama yako nikasema, hizi hapana, hizi ni zake."

Rebeccah alizipindua. Mstari mwekundu ulikuwa mahali pake kwenye kila moja, umekwaruzika kidogo kwa vidole vya wacheza. Aliukuna kwa ukucha. Ilikuwa rangi yake. Mtu aliyemuuza ng'ombe haweki masikio.

Alikaa sasa.

"Litein nimebaki na runinga tupu," alisema, kwa sauti ambayo Nyabate hakuwa ameisikia tangu siku ile ya lango la shamba. "Wingu limeondoka. Nisipopata mashine, wiki hii narudisha ufunguo wa chumba."

"Basi mchukue huyu."

Rebeccah akainua uso haraka. "Mbona umekubali upesi hivyo?"

"Obe, huyu mwanamke!" Nyabate alipandisha mikono. "Nikikataa mwizi, nikikubali mwizi! Nimekubali kwa sababu wakifunga bao wanaruka, na mimi nina kichwa cha mtu mkononi. Angalia huyu mama, mstari wake umeenda Kisii." Mwanamke aliyesukwa nusu alishika kichwa chake kwa hofu. "Mchukue. Lakini sikiliza. Nusu yake ni jasho langu. Kwa hivyo sasa ni mimi ninayekuletea ng'ombe. Maziwa ni yako. Ng'ombe ni wetu."

Neno hilo la mwisho halikumpendeza Rebeccah. Aliligeuza kichwani akitafuta kitako chake. Lakini kufikia jioni Pro ilikuwa imefungwa ndani ya leso ile ile, Nyabate mwenyewe amesisitiza kuifunga, huku Rebeccah akinywa uji aliolazimishwa kuumaliza.

Diski zilitoka chini ya kitanda. Ziliingia kwenye Pro bila kulalamika, kama Kipyegon alivyosema siku ile. Bodaboda zikaegeshwa upande wetu tena. Zack alikuja siku ya pili, akasimama mlangoni akiangalia yale matabaka matatu.

"Kumbe ulificha, Mama Kimutai."

"Sikuficha. Nilipeleka malishoni."

"Na mimi ukinipa mahali pa kukaa, nikusaidie kuichunga?"

"Kaa ucheze," Rebeccah alisema. "Kuchunga wacha."

Jumapili, tulipotoka kanisani, simu yake ililia tukiwa bado njiani. Aliipokea akaiweka mbali kidogo na sikio, kwa hivyo mimi na mama tulisikia.

"Ng'ombe wetu?"

"Anakula," Rebeccah alisema.

"Nitumie picha."

Alifungua chumba, akaniita nimshikie simu. Mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa, kwa sababu unga wa mandazi ni mbaya kuliko nywele. Nikapiga picha, tukaituma. Simu ikalia tena papo hapo.

"Funua."

Rebeccah alikaza midomo. Akafunua. Nikapiga, tukatuma.

"Pindua nione chini."

"Nyabate, kuna nini chini? Niliangalia mwenyewe, hakuna kitu."

"Wewe pindua."

Alichomoa waya, akaipindua juu ya kitambaa. Chini, kwenye pembe, palikuwa na mstari mfupi wa rangi ya kucha, wa kijani, umenyooka vizuri kama uliochorwa na mtu anayejua kazi ya kucha. Rebeccah aliuangalia muda mrefu. Kule simuni Nyabate alikuwa anasubiri, na nyuma yake feni ya saluni ilisikika ikizunguka.

"Ulitia lini hii?"

"Ulipokuwa unakunywa uji."

Rebeccah aliinama chini ya meza, akatoa kichupa chake chekundu, akakitikisa, akachora mstari wake kando ya ule wa kijani. Akaupuliza ukauke. Kisha akaniambia nipige picha karibu, ionekane mistari yote miwili.